Ibn Battuta na Watumwa Ishirini wa Kilwa

Kurasa za aina hii mara nyingi huwahusu watakatifu, mapapa na wamisionari. Leo, wapendwa waamini, tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa Mkristo. Alikuwa Mwislamu, mwanasheria na msafiri, naye amekufa zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Tumemchagua kwa sababu vijana wetu wa sekondari hukariri maneno ya Enzi za Kati, yaani ukhalifa, usultani, kadhi, hija, Zanj, kama mtu anayekariri majina ya mito ya nchi asiyoijua, ilhali yupo shahidi mmoja aliyeishi ndani ya maneno hayo yote na aliyekanyaga pwani yetu kwa miguu yake. Tena katika habari zake za Kilwa limo jambo ambalo sisi tunaokaa bara, huku Rangwi na vijiji vyote vya Usambara, hatuwezi kulisoma na kulipita hivi hivi.

Jina lake kamili ni refu. Ulimwengu humwita Ibn Battuta. Alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwezi Februari 1304, katika ukoo wa wanasheria wa Kiberberi. Kadhi, kwa watu wa wakati ule, hakuwa hakimu wa ndoa na mirathi peke yake. Alikuwa mlinzi wa mali ya yatima, msuluhishi wa wafanyabiashara, na mara nyingi mshauri wa mtawala. Kijana huyu alisomea kazi hiyo. Tarehe 14 Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake waliokuwa hai wote wawili, akaondoka peke yake kwenda kuhiji Makka. Hakurudi kwao kwa muda wa miaka ishirini na minne.

Ili msomaji aupate wakati huo vizuri, akumbuke kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino alikuwa ametangazwa mtakatifu miaka miwili tu kabla, mwaka 1323, na kwamba Baba Mtakatifu hakuwa akikaa Roma bali Avignon, Ufaransa. Upande wa Waislamu nao mambo yalikuwa yamevunjika. Ukhalifa wa Baghdad, uliokuwa umedumu kwa karne tano, ulikuwa umeangushwa na Wamongoli mwaka 1258. Khalifa alihesabiwa kuwa mrithi wa Mtume Muhammad katika kuongoza jumuiya yote ya Waislamu. Sultani ni mtawala mwenye nguvu za kijeshi katika nchi fulani. Baada ya 1258 masultani walikuwa wengi, kila mmoja na nchi yake. Ajabu ni kwamba katika mtawanyiko huo mtu mmoja aliyejua Kiarabu na sheria aliweza kutoka Moroko hadi Uhindi akapata kila mahali msikiti, mwenyeji, na hata ajira. Dola ilikuwa imekufa, lakini sheria na lugha viliendelea kuwaunganisha watu. Sisi tuliosoma seminarini na kufundishwa Kilatini tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa sana.

Alipita Tunis, Aleksandria na Kairo, akaingia Nchi Takatifu. Bethlehemu aliitaja kwa heshima kuwa mahali alipozaliwa Yesu, akaandika kwamba Wakristo wa hapo wanapaheshimu mno na kuwakirimu wageni wanaofika. Alifika Dameski, kisha Makka mwaka 1326. Mwingine angerudi nyumbani. Yeye alikwisha kuonja safari. Akaenda Iraki na Uajemi, akarudi Makka, akakaa huko kwa muda akijiongezea elimu. Njiani alioa na kuacha, akaoa tena, na watoto wake wengine hakuwaona wakikua. Kwa hilo hatumsifu.

Kutoka Aden alivuka kwenda Zeila, mji ambao haukumpendeza kabisa. Samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni vilinuka kiasi kwamba alipendelea kulala chomboni, ingawa bahari ilichafuka. Mogadishu ilimfurahisha. Meli ilipotia nanga, vijana walikuja na mashua ndogo, kila mmoja amebeba chombo cha chakula kilichofunikwa, akimpa mfanyabiashara mmoja na hivyo kumfanya mgeni wa nyumba yake. Ibn Battuta, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipelekwa kwa kadhi. Aliandika chakula chote alichopewa: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa katika maziwa, na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mtu anayesoma orodha hiyo leo akiwa Tanga mjini hatakuwa na la kushangaa, na hilo lenyewe ni habari: mapishi ya pwani yana umri wa karne saba kwa uchache.

Wanahistoria wengi huiweka safari yake ya pwani yetu katika mwaka 1331. Mombasa alilala usiku mmoja tu. Aliikuta ni kisiwa chenye ndizi, ndimu na zambarau, lakini hakina nafaka. Nafaka ililetwa kutoka sehemu aliyoiita Sawahil, neno la Kiarabu lenye maana ya pwani, ambalo ndilo mzizi wa jina la lugha tunayoiandika hapa. Misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kifupi, na kata ya mti yenye mpini ya kuchotea maji. Watu walitembea miguu mitupu, wakanawa miguu mlangoni, wakaifuta juu ya mkeka kabla ya kuingia. Aliwaona ni watu wacha Mungu, waaminifu na wema. Yeye mwenyewe alifuata madhehebu ya Maliki, nao walikuwa Washafii, kama walivyo hadi leo Waislamu wengi wa Tanga na Pangani ambao ni jirani zetu na mara nyingi ndugu zetu wa damu.

Kisha Kilwa. Wakazi wake wengi, asema, walikuwa Wazanj, watu weusi sana wenye chale usoni. Zanj ni jina ambalo Waarabu na Waajemi waliwapa watu weusi wa mashariki ya Afrika, na ndilo limo ndani ya jina la Zanzibar. Tuzingatie jambo hili, maana bado wapo wanaodhani miji ya pwani ilijengwa na wageni kwa ajili ya wageni. Shahidi aliyefika mwenyewe aliona mji wa Waafrika Waislamu, ukiwa na mtawala aliyejua adabu za kifalme na za dini. Aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vizuri kuliko yote. Anasema nyumba zote zilikuwa za mbao na makuti. Hapo wanaakiolojia humkosoa, kwa kuwa wakati uleule Kilwa ulikuwepo Msikiti Mkuu wa mawe, na juu ya mwamba kando ya bahari ilikuwa ikijengwa Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia na kidimbwi cha pembe nane. Huenda kumbukumbu yake ilichanganya mambo baada ya miaka ishirini na zaidi.

Utajiri huo ulitoka kusini. Mfanyabiashara mmoja alimweleza habari za Sofala, mwendo wa nusu mwezi kutoka Kilwa, ambako ilifika dhahabu ya unga kutoka bara. Dhahabu hiyo ilichimbwa katika nyanda za juu za nchi tunayoiita sasa Zimbabwe. Sarafu ya sultani wa Kilwa wa wakati huo imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Kilwa ilikaa mahali ambapo pepo za kaskazi na kusi zilikuwa bado zinatosha kumfikisha baharia kutoka Uarabuni na kumrudisha bila kukaa miaka mingi ugenini. Hata sisi tulio karibu na Tanga tunayo masalio ya ulimwengu huo: magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya nguzo, kusini kidogo ya mji, ambayo wengi wetu huyapita tukienda Pangani bila kushuka garini.

Sultani wa Kilwa aliitwa al-Hasan ibn Sulaiman, na watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Ibn Battuta alimpenda. Anamweleza kuwa mnyenyekevu, aliyekaa na maskini, akala nao sahani moja, akawaheshimu watu wa dini na masharifu, yaani wale wanaohesabiwa kuwa kizazi cha Mtume, waliofika kwake kutoka Hijazi na Iraki kwa sababu ya sifa za ukarimu wake. Tunaamini picha hiyo ni ya kweli. Mtu mkarimu hujulikana.

Lakini msafiri wetu, kwa unyofu uleule, anaeleza pia vipawa vilitoka wapi. Sultani alikuwa akifanya vita mara kwa mara katika nchi ya Wazanj wasio Waislamu, akiwavamia na kuteka nyara. Vita hivyo Ibn Battuta anaviita jihadi. Sehemu ya tano ya nyara ilitengwa kwa matumizi yaliyoagizwa na sheria, na fungu la masharifu likawekwa katika hazina yake peke yake, wakifika wapewe. Kila kitu kilihesabiwa kwa uaminifu. Wale waliotekwa walikuwa watu wa bara, na kuhusu vijiji vyao, lugha zao na wafalme wao kitabu hakina neno. Wanaonekana mara moja, kama nyara, kisha hawaonekani tena.

Halafu kinafuata kisa ambacho Ibn Battuta alikiona kuwa kizuri kuliko vyote. Ijumaa moja sultani alikuwa akitoka msikitini kuelekea nyumbani. Fakiri mmoja wa Yemeni akamsimamisha njiani, akamwomba nguo alizovaa. Sultani hakukasirika. Aliingia katika nyumba ya khatibu, yaani mhubiri wa msikiti, akavaa nguo nyingine, akamkabidhi fakiri zile alizokuwa nazo. Watu wakamsifu sana. Mwanawe aliyekuwa mrithi wake akazichukua nguo zile kutoka kwa fakiri, akamfidia kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu tendo lake, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Sisi Wakatoliki tunapolisoma tukio hilo, mara moja tunamkumbuka Mtakatifu Martino wa Tours, askari aliyelipasua joho lake kwa upanga akampa maskini nusu. Na kwa hakika mwanzo wa visa hivi viwili unafanana. Ila joho la Martino lilibaki joho. Nguo za Kilwa zilibadilishwa zikawa watu ishirini. Je, watumwa hao walikuwa wanaume au wanawake, watoto au wazee? Walizungumza lugha gani walipokuwa wakiambiwa kwamba sasa wao ni mali ya mtu asiye na nguo ya pili? Fakiri wa Yemeni aliingia Kilwa akiwa maskini, akatoka akiwa bwana wa watu ishirini, na hakuna katika mji mzima, wala sultani, wala khatibu, wala mwandishi, aliyeona shida yoyote. Hilo ndilo linalotusumbua. Wote walikuwa watu wa sala. Sadaka ilitolewa kwa moyo mweupe, na waliolipia sadaka hiyo hawakuulizwa.

Hatulisemi hili ili mtu amnyoshee kidole jirani yake Mwislamu. Mwaka 1452 Papa Nikolaus wa Tano alimwandikia mfalme wa Ureno akimruhusu kuwatia utumwani Waislamu na wapagani. Mwezi Julai 1505 meli za Ureno chini ya Francisco de Almeida ziliingia Kilwa hiyohiyo. Mapadre Wafransisko wakashuka pwani wamebeba misalaba miwili, wakiimba Te Deum, na mara baada ya hapo mji ukaporwa. Wataalamu wengi wa lugha husema kwamba neno letu gereza limetoka katika neno la Kireno la kanisa, kwa kuwa ngome na kanisa lao vilikuwa pamoja. Padre anayejua asili hiyo halitamki neno lile kwa wepesi. Hadi Papa Leo wa Kumi na Tatu alipowaandikia maaskofu wa Brazili mwaka 1888 akiulaani utumwa waziwazi, karne nyingi zilikuwa zimepita na watu wengi walikuwa wamekwisha kuvushwa bahari.

Ukarimu wa Kilwa haukudumu. Al-Hasan alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daudi, ambaye alikuwa kinyume chake kabisa. Mwombaji alipofika, alijibiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu. Wageni walingojea miezi mingi wakaambulia kidogo. Ibn Battuta hakuyaona hayo kwa macho, maana alikuwa ameondoka na upepo kwenda Dhofar, Uarabuni.

Safari zake nyingine zingejaza kitabu, nasi tutazipita upesi. Katika mji wa Kaffa, kwenye Bahari Nyeusi, alisikia kengele za kanisa kwa mara ya kwanza maishani, akashtuka hata akawaamuru wenzake wapande juu waadhini. Alifuatana na binti wa kaisari, aliyekuwa mke wa khani wa Wamongoli wa kaskazini, hadi Konstantinopoli. Huko alizunguka nje ya kanisa kuu la Hekima Takatifu lakini hakuingia, kwa kuwa kila aliyeingia alitakiwa kuusujudia msalaba. Tunamheshimu kwa hilo. Hakutaka kufanya ishara asiyoiamini. Delhi alikuwa kadhi wa Sultani Muhammad bin Tughluq kwa miaka kadhaa, mtawala aliyetoa zawadi asubuhi na kuua watu jioni. Akatumwa ubalozi kwenda China, meli zikavunjika Calicut, akawa kadhi visiwani Maldivi, na kwa maelezo yake mwenyewe akafika China.

Mwaka 1348, akiwa njiani kurudi, alikutana na tauni kuu. Akiwa Dameski alipata habari kwamba baba yake alikwisha kufa miaka kumi na mitano nyuma. Katika mji huo aliona jambo ambalo tungependa kila mwamini alijue. Watu walifunga siku tatu, kisha wakatoka kwa maandamano, Waislamu wakibeba Kurani, Wayahudi wakibeba Torati, Wakristo wakibeba Injili, wanaume, wanawake na watoto, wote wakilia na kumwomba Mungu awahurumie. Alipokaribia nyumbani mwaka 1349 alikuta mama yake naye amekufa kwa tauni hiyo, miezi michache tu kabla hajafika. Alikwenda Tangier kulizuru kaburi lake.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa ya kuvuka jangwa la Sahara kwenda dola ya Mali, mwaka 1352. Aliwasifu watu wa Mali kwa haki na usalama wa njia zao, akawalaumu kwa mambo mengine, na mfalme wao akamwona bahili. Alirudi Moroko pamoja na msafara uliokuwa na wasichana watumwa mia sita. Anautaja msafara huo kama mtu anayetaja mizigo. Yeye mwenyewe alimiliki, alinunua na kupewa watumwa katika sehemu nyingi za maisha yake. Hakuwa mkatili kuliko watu wa zama zake, na hilo ndilo linalotisha.

Sultani Abu Inan wa Fez aliamuru habari hizo zihifadhiwe. Ibn Battuta akasimulia kwa kumbukumbu, na mwandishi kutoka Granada, Ibn Juzayy, akaandika na kupamba. Kazi ya kusimulia ilikamilika Desemba 1355. Baada ya hapo msafiri aliishi akiwa kadhi katika nchi yake, akafariki mwaka 1368 au 1369. Wanaokadiria mwendo wake wote husema ulizidi kilomita laki moja, kwa miguu, kwa ngamia, kwa farasi na kwa chombo.

Kitabu chake hakikujulikana sana Ulaya hadi Wafaransa walipopata nakala zake za mkono huko Aljeria katika karne ya 19, na juzuu ya kwanza ikachapishwa Paris mwaka 1853. Wakati huohuo milima yetu nayo ilikuwa inaingia katika maandishi. Mwaka 1848, na tena 1852, mmisionari Mprotestanti Johann Ludwig Krapf alipanda hadi Vugha, akapokelewa na Mfalme Kimweri ye Nyumbai, akaandika majina ya watu na vijiji ambavyo mgeni wa Kilwa hakuvijua. Kimweri alifariki mwaka 1862. Jamaa zake wakagombania utawala, na katika vita hivyo Washambaa wengi walikamatwa na wakuu wao wenyewe, wakashushwa bondeni, wakauzwa pwani, Pangani.